Hesabu Maji Kwanza

Hotuba niliyoitoa mbele ya kina mama na vijana, Langoni, Lamu, baada ya sala ya adhuhuri, mwezi 27 kwa hesabu ya muandamo. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, na pale wakati uliponibana nimeongeza kidogo.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango. Ahsanteni kwa kuja. Najua kila aliyeketi hapa ameacha kitu nyumbani: chungu, mtoto, mgonjwa, au kazi ya watu yenye ahadi. Nimeombwa nizungumze juu ya malengo ya mwezi kwa mtu ambaye shughuli zimemzonga, kwa hivyo sitawaweka sana.

Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Alichukua boriti za mikoko, alichukua mawe na mchanga, na mara nyingi alipeleka mizigo Pate na kurudi. Tulipokuwa wadogo tukimuuliza, "Baba, safari lini?", hakujibu kwa siku. Kwanza alihesabu mwezi kwa vidole. "Yeo mwezi sita. Maji mafu. Ngojani bamvua." Yaani leo maji hayajai sana, tungoje siku za maji makubwa. Sisi watoto tuliona anatuzungusha. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba lile lilikuwa ndilo jibu lenyewe.

Mwaujua Mkanda, ule mfereji baina ya Manda na bara. Maji yakijaa, chombo chapita. Yakitoka, ni matope na mizizi ya mikoko, na aliyechelewa ana mambo mawili: akae angoje maji yarudi, au azunguke nje ya Manda kwenye bahari kuu, na wakati wa upepo wa Kusi njia hiyo si ya kila chombo. Maji ya Mkanda hayaulizi kama una arusi Siyu au maiti Faza. Na hayakai saa moja. Kila siku hujaa kwa kuchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Baba aliyajua hayo, kwa hivyo alianza na maji, kisha akapanga safari ndani yake.

Sisi siku hizi twaanza na safari. Mwezi ukiandama, au tarehe mosi ikifika, twachukua karatasi twaandika tunayoyataka: nitapunguza deni, nitamaliza kusoma juzuu, nitashona, nitaanza biashara ya mtandaoni, nitatembea kila asubuhi, nitapaka nyumba rangi. Maji hatuyahesabu. Tarehe 20 ikifika tumekwama katikati ya Mkanda, twajilaumu kwamba sisi ni wavivu. Mama zangu, mtu anayeamka saa kumi alfajiri na kulala saa tano za usiku si mvivu. Amekosea hesabu, na hesabu yatengenezeka.

Mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliandika malengo tisa kila mwezi. Nasomesha shule ya msingi, na usiku nashona kofia za mkono. Kuna mwaka nilimuahidi mtu kofia kwa mwezi mmoja. Nilikadiria kwa siku yangu nzuri: siku ambayo watoto wamelala mapema, stima haikukatika, macho hayaniumi, na hakuna aliyebisha hodi. Kofia ile ilinichukua miezi mitatu. Yule mtu alikuwa ameinuia kwa siku ya Idi, na Idi ilipita akiwa amevaa kofia ya kuazima. Hakunisema. Kule kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno, na ndiko kulikonifundisha haya ninayowaambia.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili limepimwa. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa saikolojia, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika juu ya kasoro hii ya wanadamu: tukikadiria kazi, twaitazama kazi yenyewe tu, hatutazami kazi kama hiyo ilituchukua muda gani zamani. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake huko Kanada waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu lini wangemaliza tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34. Zikawachukua siku 55 na zaidi. Walikuwa wameulizwa pia: je, mambo yote yakienda vibaya kabisa? Wakasema karibu siku 49. Hata makadirio yao ya shari yalikuwa mafupi kuliko yaliyotokea! Nami nilipoyasoma hayo nilipumua. Kumbe si mimi peke yangu, na kumbe dawa yake si kujikaza zaidi. Dawa ni kutazama nyuma: mara ya mwisho nilipofanya kazi kama hii, ilinichukua siku ngapi? Hiyo ndiyo namba ya kuandika, hata kama haikupendezi.

Sasa tuhesabu maji. Nataka tufanye hesabu moja pamoja, polepole, kwa sababu hapa ndipo penye kazi.

Tuchukue mama mmoja wa kubuni, auza mahamri na mbaazi asubuhi. Ana watoto wa shule na wa madrasa, ana mama yake mzee. Anataka kujifunza kushona mabuibui kwa cherehani, na nafasi pekee aliyonayo ni saa moja baada ya Isha. Mwezi una siku 30, kwa hivyo yeye mwenyewe asema ana saa 30. Haya. Ijumaa nne ni za kuzuru jamaa na kupokea wageni; toa 4. Kuna arusi ya upande wa mumewe, na arusi zetu mwazijua, haziishi kwa siku moja, toa 3. Kuna kumpeleka mama kliniki Mombasa: boti mpaka Mokowe, basi kutwa nzima, siku ya daktari, na kurudi, toa 3. Siku ya chama, toa 1. Tumebaki na 19. Na bado hatujatoa siku asizozijua: mtoto atashikwa na homa, stima itapotea, atafika mgeni kutoka Malindi na begi lake. Siku hizo huja kila mwezi, ila hazisemi zitakuja lini. Toa 3. Zimebaki 16.

Saa 16. Wengine mmeguna. Msigune. Saa 16 zatosha mtu akakaa na fundi, akajua kukata kitambaa na kumaliza buibui moja lenye mishono iliyonyooka. Hazitoshi kufungua duka. Aliyeandika "nitafungua duka" atamaliza mwezi hana kitu mkononi ila fedheha. Aliyeandika "nitamaliza buibui moja" atalivaa. Wazee walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Wengi hulisema neno hilo kwa kumdharau chungu, yule sisimizi. Mimi naona chungu yuko sawa kabisa: aliyapima maji kwa mwili wake, si kwa mwili wa nyangumi.

Hapa lazima niseme neno ambalo huenda baadhi ya wanaume hapa wasilipende, nami nalisema kwa mapenzi. Mara nyingi nikifanya hesabu hii na mwanamke, twatoa na kutoa mpaka tunafika kwenye saa mbili au tatu kwa mwezi mzima. Halafu naambiwa, "Mwalimu, nifundishe kupanga vizuri." Mwanamke huyo hana la kufundishwa. Mwezi wake umejaa kwa sababu mwezi wa nyumba nzima umewekwa juu yake peke yake. Pale hakuna daftari wala kalenda itakayomsaidia. Kitakachomsaidia ni mtu kumpokea mtoto madrasa siku mbili kwa wiki, au kijana wa kiume kujua kuosha sahani zake. Baba, kama wataka mkeo amalize lengo lake, mpe jioni nne. Mpe kwa kuzitaja: Jumatatu hii na Jumatatu zote tatu zifuatazo. "Nitakusaidia nikipata nafasi" haihesabiki kwenye karatasi. Na vijana wa kiume, hili lawahusu kabla hamjaoa.

Tuendelee. Ukishapata siku zako, andika lengo kubwa moja na dogo moja. Mawili tu. Kubwa ni lile ambalo mwezi ukiisha wataka liwe limefanyika. Dogo ni lile la kufanya siku umechoka: kupanga stakabadhi kwenye bahasha, kushona kifungo, kumpigia simu shangazi uliyemsahau. Mkinizidi kwa nguvu ongezeni la tatu, lakini mimi sijapata kuliongeza nikafaulu.

Na lengo liwe juu ya kitu kilichomo mikononi mwako. Wale ndugu zetu wa Kipungani wasukao mikeka, mmoja akiandika "nitauza mikeka mitano", ameweka lengo lake mkononi mwa mnunuzi. Huenda watalii wakawa wachache mwezi huo. Aandike "nitasuka mikeka miwili, na nitapeleka mfano kwa watu kumi." Hilo lategemea yeye. Mauzo yakija, ni riziki juu yake.

Wavuvi nao na watu wa vyombo wana jambo lao, na nimefurahi kuwaona. Mshahara wangu mimi waingia mwisho wa mwezi, namba ni ile ile. Wenu huja kwa upepo. Kaskazi ikitulia, mwatoka nje, kamba na samaki wapatikana. Kusi ikishika, hasa Juni mpaka Agosti, siku nyingi chombo chakaa kimefungwa. Sasa mtu akiniambia ataweka shilingi 5,000 kila mwezi, mwaka mzima, mimi husikitika, kwa sababu najua Julai itamvunja moyo, na akivunjika moyo Julai hatarudi tena kuweka Desemba. Mimi naona heri lengo la fungu kuliko lengo la namba: katika kila mia niliyopata, kumi naiweka, papo hapo, kabla sijapanda ngazi za gati. Siku ya 300 utaweka 30, siku ya 3,000 utaweka 300, na siku ya patupu huna deni na nafsi yako. Simu zetu zina pochi za akiba kwenye huduma za pesa, kuweka ni dakika moja. Na miezi ya Kusi ipewe malengo ya Kusi. Kushona nyavu. Kukipandisha chombo, kukikalafati, kukipaka deheni. Kujifunza mashine ya boti kwa fundi. Mwezi wenye pesa chache si mwezi usio na kazi, una kazi yake tu nyingine.

Kina mama wenye biashara ndogo, fungu hilo lawafaa na nyinyi. Muuza maharagwe ya nazi hajui kesho atauza sufuria ngapi.

Sasa, mwezi ni mrefu. Mtu akijiwekea lengo la siku 30, siku 20 za mwanzo hulitazama kwa mbali kama mnara wa msikiti uko ng'ambo. Dawa tunayo sisi wenyewe, na nasikitika kwamba twaisahau. Wazee wa pwani hii, wakulima na mabaharia, walikuwa na mwaka wao wa jua, ulioanza Siku ya Mwaka, Nairuzi. Waliugawa kwa miongo: kila mwongo siku kumi, miongo 36, na siku tano za kukamilisha, jumla 365. Mkulima alijua apande mwongo wa ngapi, baharia alijua bahari hufunga mwongo wa ngapi. Na hata katika Ramadhani sote twahesabu makumi: kumi la rehema, kumi la maghfira, kumi la kuachwa huru na moto. Kumi lina urefu mzuri. Wiki ni fupi, siku moja ya homa yaiharibu. Mwezi ni mrefu, mtu hupotea ndani yake.

Kwa hivyo gawa lengo lako katika makumi matatu, lakini usiyagawe sawasawa. Kumi la kwanza lipe kazi kubwa zaidi, ungali na hamu. Yule mama wa mabuibui, kumi la kwanza anunue kitambaa, apatane na fundi, na akate. La kati ashone. La mwisho aliache jepesi, la kumalizia na kurekebisha, kwa sababu siku zile ambazo hakuzijua zitakuwa zimekwisha kula mahali. Wengi hufanya kinyume: kumi la kwanza wajiandaa, la pili wajipa moyo, la tatu wakimbia. Kama twajua tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi, kwa nini kila mwaka foleni kwenye saiba huwa tarehe 29?

Jambo jingine, la saa. Usiseme "nitashona usiku". Usiku ni mpana. Mtaalamu wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, mwaka 1999 alieleza kwamba mtu akilifunga kusudio lake kwenye jambo maalumu, "likitokea hili, hapo nitafanya lile", hulitekeleza zaidi kuliko anayesema tu "nitafanya". Sisi tuna bahati: siku yetu ina vigingi vitano, na adhana haimsahau mtu. "Nikishakunja mswala wa Isha, nafungua cherehani." "Nikirudi Alfajiri, natembea mpaka Shela na kurudi." Utaona jambo lashika lenyewe.

Na wale ambao lengo lao ni tabia, kama kutembea, kupunguza sukari, kusoma kila siku, msijihukumu kwa mwezi mmoja. Kuna utafiti uliofanyika London, kazi ya Phillippa Lally na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2010. Waliwafuata watu 96 waone tabia mpya huchukua muda gani mpaka mtu aifanye bila kujilazimisha. Kwa wastani ilikuwa siku 66. Wa haraka kabisa siku 18, na kwa wazito makadirio yalifika 254. Maana yake, mwezi wa kwanza wa tabia mpya lazima uwe mgumu. Ugumu huo si dalili kwamba umeshindwa. Waligundua na jingine ambalo nalipenda zaidi: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Aliyekosa akarudi kesho yake aliendelea kama wenzake. Basi ukikosa jana, rudi leo. Sukari uliyoinywa arusini usiifanye sababu ya kunywa sukari mpaka mwezi uishe.

Kuna neno "inshallah". Ni neno letu, ni agizo la Mola wetu, na hatuliachi. Lakini tumezoea kulitumia pale tusipotaka kuahidi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia yule mtu amfunge ngamia wake kisha atawakali. Hesabu hii yote ninayowaambia ndiyo kufunga. Ukishafunga, sema inshallah kwa moyo wako wote, na likiwa halikuwa, utajua halikuwa kwa sababu ya kadari, si kwa sababu hukuhesabu arusi uliyoijua tangu mwezi jana.

La mwisho ni muandamo. Keshokutwa jioni ni mwezi 29. Watu watasimama ufukoni na juu ya madari wautazame. Ukionekana, mwezi umekwisha. Usipoonekana, twakamilisha 30. Tazameni uzuri wa jambo hili: mwezi wetu wenyewe hauna uhakika kama una siku 29 au 30 mpaka jioni ile. Umeumbwa na nafasi ndani yake. Mimi jioni hiyo ndiyo niliyoifanya siku ya kukagua. Nakaa na daftari, najiuliza matatu. Nini kimekamilika? Nini hakikukamilika, na kilizuiwa na nini hasa, kwa jina lake? Na hiki kilichobaki, nakichukua mwezi ujao, nakipunguza, au nakifuta?

Kufuta, mama zangu, kumenichukua muda mrefu zaidi kujifunza kuliko yote. Nilikuwa na lengo la kusomea diploma nyingine nililolibeba kutoka mwezi hadi mwezi kwa miaka miwili. Kila mwezi liliandikwa, kila mwezi lilinitazama. Siku moja, mwezi wa Mfungo Tano, nilipiga mstari juu yake. Nililia kidogo, sitaficha. Lakini mwezi uliofuata nilimaliza kofia mbili nilizokuwa nimechelewesha, nikamlipia mwanangu deni lake la shule. Lile la diploma halikufa. Limekaa kwenye ukurasa wa nyuma, lingoje mwaka ambao mtoto wa mwisho atakuwa amemaliza shule. Kuna malengo ambayo bamvua yake haijafika.

Mmewahi kufikiri kwa nini miezi yetu yaitwa Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu? Wazee walipomaliza mwezi mzito kuliko yote, Ramadhani, walianza kuhesabu upya kutoka moja. Kila mwaka, moja tena. Mimi nalipenda hilo.

Karatasi nimeziweka pale mezani, na kalamu. Kila karatasi ina mistari 30. Kabla hujaandika lengo lolote, anza kuchora msalaba juu ya siku zisizo zako: arusi, kliniki, chama, zamu. Ukikwama, niite, nitakuja ukae nami. Msioweza kuandika, msione haya, wajukuu wako hapa na wana hati nzuri.

Na wageni wetu wa Pate na Siyu naomba waanze wao, tuwapishe. Boti yao yaondoka saa tisa, maji ya Mkanda yangali juu.